Mgongo wa Dada Yake

Mwanzoni nilidhani hajui kuchora nyuso. Katika picha zote zilizoegemezwa ukutani chumbani mwake hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekutazama. Kulikuwa na makoti, visigino, shingo, skafu zilizofungwa kisogoni, mkono ulioshika ndoo, na msuko mmoja mrefu wa nywele wenye utepe uliolegea. Watu wote walikuwa wanakwenda zao. Nilizitazama siku yangu ya kwanza kazini, begi langu bado begani, nikajiambia kwamba huyu bibi amejifunza kuchora uzeeni na nyuso zimemshinda, kama zinavyowashinda wengi.

Nilikuwa na shahada ya falsafa na dini kutoka chuo kikuu kimoja nyumbani Kenya, na cheti cha miezi michache cha kuhudumia wazee. Hicho cha pili ndicho kilichonipatia viza. Kampuni iliyotuajiri ilitulaza Al Wukair, nje ya Doha, kwenye jumba jipya lililozungukwa na viwanja vitupu na kreni, na gari lake lilitusambaza kwenye nyumba za wagonjwa. Mimi nilishushwa kwenye kisiwa cha The Pearl, kwenye ghorofa ambalo madirisha yake yalitazama boti za matajiri. Mgonjwa wangu hakuweza kuziona. Ugonjwa wa macho ulikuwa umemla katikati ya kuona kwake na kumwachia kingo tu. Ukisimama mbele yake aliona mabega yako na masikio, na pale penye uso palikuwa na ukungu. Akitaka kujua nani ameingia, aligeuza kichwa pembeni kama kuku anayeangalia punje.

Alikuwa Myahudi, mzaliwa wa mji mmoja wa Ulaya ya mashariki. Alikuja Doha akiwa tayari mkongwe, kwa sababu binti yake wa pekee alikuwa mhadhiri huku na hakuwa na mtu wa kumwachia. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa nguo, yule anayekata kitambaa kabla mshonaji hajakishika. Alianza kuchora alipofiwa na mume. Binti yake aliniambia haya yote mlangoni kwa sauti ya chini, akaongeza kwamba habari za mama yake hazina haja ya kufika kwa walinzi wa chini wala kwenye gari la kampuni. Nilielewa. Zilikuwa siku ambazo kila simu Doha ilikuwa na vita ndani yake.

Tulikuwa wahudumu wawili kwa zamu, mimi na Mkenya mwenzangu aliyenizidi miaka kadhaa. Huko Al Wukair tulishiriki kitanda cha ghorofa, yeye chini mimi juu. Alikuwa mtu wa kanisa, wa kwaya ya Ijumaa, maana Doha hata sisi Wakristo tunasali Ijumaa. Mimi kusali kulikuwa kumenitoka chuoni, kukafuatwa na mambo mengine mengi niliyokuwa nikiyaamini. Alinitania kwamba siku Mungu akiniita nitamwomba kwanza kitambulisho. Ndiye aliyeanza kumwita mgonjwa wetu Shosho, kama tunavyowaita nyanya zetu nyumbani, na bibi akalipenda kwa kuwa hakuwahi kupata mjukuu wa kumwita hivyo. Mimi, bibi aliniuliza neno la Kiswahili la kuulizia sababu, na kuanzia hapo akaniita Kwa Nini.

Kabla ya Doha, mwenzangu alikuwa na saiba, duka la kompyuta na uchapishaji, mkabala na mochari ya hospitali moja ya mjini kwao. Kazi yake kubwa ilikuwa programu za mazishi, vile vijitabu vya ibada. Wafiwa walimletea kitambulisho kilichochakaa, picha ya darasa la nane, au picha ya arusi ambamo marehemu amesimama nyuma kabisa akinywa soda. Yeye alikata kichwa, akakisafisha, akakipandikiza kwenye suti, akaweka mawingu nyuma yake. Alikuwa amewavisha tai wanaume ambao maishani hawakuwahi kuigusa. Nyumbani mtu hazikwi bila picha. Inakaa kwenye jalada la programu, na nyingine yenye fremu inatangulia jeneza, imebebwa kifuani na mjukuu. Alipenda kusema kwamba hakuna maiti aliyepitia kwake akazikwa bila uso.

Mama yake mwenyewe alifariki tukiwa huku. Ruhusa haikupatikana. Alitazama mazishi kwenye simu, kitandani, mimi nikiwa kitanda cha juu nikimsikia akiimba pamoja na watu wa kule. Mtandao ulikatika msafara ukiwa bado njiani kwenda kaburini, na skrini ikaganda kwenye ile picha yenye fremu. Hakuona jeneza likishushwa. Alisema haidhuru, uso ameuona. Nilidhani anajifariji tu. Sikujua kwamba alikuwa ananiambia jinsi dunia ilivyo kwake.

Nilimuuliza Shosho kwa nini hachori nyuso. Alijibu kwamba anachora alichokiona, na kwamba alikuwa mdogo, na alikuwa nyuma.

Habari yake niliipata vipande vipande, nikimpaka mafuta miguuni au nikimchongea mkaa wake wa kuchorea. Wanazi walipouchukua mji wao waliwafungia Wayahudi kwenye mitaa michache iliyozungushiwa ua, familia kadhaa chumba kimoja, na kuwalazimisha kushona nyota ya manjano kwenye nguo, moja kifuani na moja mgongoni. Ile ya mgongoni ndiyo aliyoifahamu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele ya macho yake. Mama yao alikufa humo kwa homa. Akabaki yeye, mtoto wa miaka mitano, na dada wa miaka kumi na mmoja ambaye sheria yake ilikuwa moja: shika koti langu, usiachie. Siku watoto walipokusanywa walitembea kwenye foleni, dada mbele, yeye nyuma ameshika pindo. Kando ya njia kulikuwa na wanawake wakipakia nguo kuukuu kwenye mkokoteni. Mmoja wao alimvuta kwa ukosi na kumsukumia chini ya lundo. Mkono ukaachia koti. Kupitia mwanya aliuona mgongo wa dada yake ukiendelea, nyota na msuko na utepe, mpaka migongo mingine ikauziba. Watoto wale walipakiwa kwenye treni na kwenda kuuawa. Hakuna picha iliyobaki, ya dada wala ya mama wala ya mtu yeyote wa kwao.

Nilimsikiliza kama ninavyomsikiliza kila mtu, yaani kwa kumshuku. Mtandaoni nilikuwa nimewasoma watu wanaosema mambo hayo hayakutokea, au yametiwa chumvi. Sikuwaamini, lakini na mimi nilikuwa nimeyakubali tu kama mtu anavyokubali somo la mtihani, bila kuyagusa. Kwa hiyo nilimuuliza jambo moja leo, na kesho nikaliulizia upande wa pili, nione kama jibu litahama. Jibu alilolitoa mara nyingi kuliko yote lilikuwa kwamba hajui. Foleni ilikuwa ndefu kiasi gani? Hajui, aliona migongo. Askari walikuwa wakisema nini? Hajui, lugha yao hakuijua. Yule mwanamke alikuwa nani? Hajui, na hilo lilimuuma. Lakini ukimuuliza koti, hapo alijua. Lilikatwa kutoka koti la baba yao. Mshono wa katikati ya mgongo ulivutika kidogo kushoto. Nyota ilishonwa kwa uzi mweusi kwa sababu wa manjano haukupatikana, na ncha yake moja ya chini ilikuwa imeanza kubanduka. Nilikaa na majibu yale siku nyingi. Mwongo hawezi kuwa na sijui nyingi namna ile. Mwongo hujaza.

Siku moja kwenye gari mwenzangu aliniuliza, kwa Kiswahili ili dereva asielewe, mbona tuwalilie watoto wa zamani ilhali hawa wa leo tunawaona kwenye simu wakifukuliwa vifusini. Nilimpelekea Shosho swali lenyewe, jambo ambalo mtu mwenye adabu asingelifanya. Alisema mtoto aliyeshika nguo ya mtu yeye anamtambua popote alipo, na kwamba habari za jioni zinapoanza sebuleni yeye hufunga mlango kwa sababu anawasikia watoto hao. Akaomba mkaa.

Wakati huo picha zake zilikuwa tayari zimeombwa. Jumba la kumbukumbu la mji aliozaliwa lilizitaka ziwe ushahidi kwa watakaokuja, kwa kuwa waliouona wakati ule wanakwisha. Mtu angekuja kuzichukua joto likipungua. Zote zilikuwa zimekamilika ila moja, ile ya dada. Aliichora tena na tena kwenye karatasi kubwa, mgongo uleule, koti lilelile, na kila mara alisema bado haijawa. Sikuelewa kilichopungua. Kwangu zote zilikuwa sawa.

Kumbukumbu yake nayo ilikuwa imeanza kuvuja. Alimwulizia mumewe. Alidhani binti yake yuko shule. Katika mafunzo yetu tulifundishwa kanuni moja kuliko zote, kwamba mgonjwa anayesahau habishiwi. Akisema ni asubuhi, ni asubuhi. Akimwulizia marehemu, marehemu ametoka kidogo atarudi. Mwenzangu aliifanya kazi hiyo kwa ulaini kama anayemkunjia mtoto shuka. Mimi kila uongo niliusema shingo upande, kwa sababu tu niliona unavyomtuliza.

Kisha jioni moja, katika zamu ya mwenzangu, Shosho alilia juu ya karatasi. Alisema uso wa dada yake umepotea kabisa, hata ndotoni anaona nywele tu. Mwenzangu alinisimulia hayo tulipokabidhiana zamu na macho yake yalikuwa mekundu. Hakuniambia alichokusudia kufanya.

Alikifanya kwa simu. Alipiga picha mchoro wa dada, akapiga picha ya Shosho akiwa kijana iliyokuwa kwenye rafu, na ya binti yake alipokuwa mdogo, akazilisha kwenye programu ya akili unde na kuiambia imtoe msichana wa miaka kumi na mmoja, wa zamani zile, amevaa koti lile, anatutazama. Alipata wengi akawakataa mpaka akampata mmoja. Alimchapisha kwenye karatasi nzito, rangi zimefifia kama za kale, akamtia kwenye fremu. Ilikuwa kazi nzuri. Siku ya kuzaliwa ya Shosho sote tulikuwepo, binti yake amenunua keki, mimi nimeshika kisu, na mwenzangu akaiweka fremu ile mapajani mwa bibi.

"Shosho, huyu hapa dada yako," alisema.

Nilingoja aseme kilichofuata, kwamba ni ya kutengeneza, kwamba ni ya kumfariji. Shosho akauliza wamempata wapi. Mwenzangu alinitazama, kisha akasema amepatikana. Binti alikuwa amesimama na sahani, na yeye kuliko sote alijua kwamba picha kama hiyo haipo duniani. Hakusema neno. Na mimi nilikata keki.

Shosho aliisogeza fremu pembeni ya jicho, juu, chini, akitafuta mahali ukungu wake unapoishia. Akaomba aelezwe. Mwenzangu akamweleza macho, nyusi, mashavu, kidevu chenye kishimo. Hapo Shosho alicheka. Alisema kwa lugha yetu ya kazi, Kiingereza, kwamba ni kidevu cha binti yake, kumbe kilitoka huku. Alilirudia jambo hilo jioni nzima, akimwita binti yake aje apapaswe kidevu. Binti alikuja kila alipoitwa.

Baadaye jikoni binti huyo aliniomba niiache ilivyo. Hakuniamuru, aliniomba. Alisema amekua katika nyumba ambayo dada yule hakuwahi kutajwa bila mlango kufungwa, na kwamba leo ni mara ya kwanza maishani mwake kumsikia mama yake akicheka juu yake. Alisema anajua ninachofikiri. Nilimwambia sifikiri kitu. Ulikuwa uongo mwingine wa kazi.

Lakini Shosho alianza kuchora nyuso. Kila asubuhi alimwomba aliye zamu amsomee tena picha, kipande kwa kipande, kisha akachora kwa mkono ule uliozoea makoti. Dada akawa anatutazama. Halafu na wengine kwenye foleni wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, wote na macho yaleyale, kidevu kilekile. Nilizipanga ukutani karatasi hizo mpya kando ya zile za zamani. Zilikuwa zinakwenda kwenye jumba la ushahidi. Aliyekaa miaka yote hiyo bila kuchora hata ukosi ambao hakuuona, sasa alikuwa anachora msichana ambaye hakuwahi kuzaliwa. Na wale wa mtandaoni wanaongoja kosa moja tu ili waseme yote ni ya kubuni, tulikuwa tunawatengenezea sisi, Wakenya wawili wenye nia njema.

Nilimwambia mwenzangu ameghushi ushahidi. Aliniuliza ni mahakama gani imekaa. Nilimwambia yule mtoto hayupo. Alisema hata mama yake yeye, katika picha iliyotangulia jeneza, alikuwa amevaa mkufu ambao hakuwahi kuwa nao, na hakuna aliyemkana kwa sababu ya mkufu.

"Wewe hujazika mtu," aliniambia akifunga kamba za viatu. "Siku ukizika, utarudi na maswali mengine."

Nilikasirika zaidi.

Mambo yalifika mwisho kwa sababu ya vifungo. Shosho alitaka kulichora koti kwa mbele, na fundi hawezi kuchora koti bila kujua linavyofungwa. Ilikuwa mchana wa zamu yangu, mmoja wa michana yake myeupe, akili yake ikiwa imetulia kama maji ya ndoo. Aliniuliza vifungo ni vingapi. Nikamwambia vitatu, vikubwa. Ukosi? Wa mviringo. Akauliza kama kifuani kuna kitu kingine. Niliitazama fremu na kumwambia kuna pambo, kama ua, la manjano.

Mkono wenye mkaa ulisimama.

"Ua," alisema.

Nikatambua nilichokitamka. Mashine haikujua nyota ile ni nini. Iliona doa la manjano lenye ncha kwenye koti la mtoto, ikadhani ni urembo, ikalihamishia mbele na kulipamba.

Alinigeuzia upande wa kichwa ili anione. "Kwa Nini, wewe huamini kitu. Hii picha imetoka wapi?"

Kanuni ilinijia mdomoni yenyewe. Ningeweza kusema ni nyota, nimekosea, macho yangu. Angeniamini, kwa kuwa hakuwa na macho mengine ila yetu. Nilifikiria kicheko chake juu ya kile kidevu. Nilifikiria binti yake jikoni.

"Imetengenezwa kwa simu, Shosho. Hakuna aliyempata."

Aliuliza imetengenezwa kutoka uso wa nani. Nikamwambia, wake mwenyewe na wa binti yake. Aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayesomewa vipimo. Aliilaza fremu kifudifudi mezani. Kulia kwake hakukuwa na sauti. Nilimshika mkono na mkaa ukatuchafua sote.

Mwenzangu aliingia kwa zamu yake akiwa bado na mfuko wake wa chakula mkononi. Aliiona fremu, akatuona sisi. Alipiga magoti palepale kwenye zulia na kuikumbatia miguu ya bibi.

"Shosho, nisamehe. Nilitaka uwe na uso wa kuzika."

"Umemgeuza," Shosho alisema. Aliisema taratibu, bila hasira, akimpapasa kichwani. "Hakugeuka. Angegeuka, askari angetazama alikotazama yeye. Nisingekuwa hapa."

Kisha akatueleza kile ambacho sikuwahi kukiuliza katika maswali yangu yote. Alisema mtu akikushika koti unahisi mabegani, kitambaa kinavuta, na akiachia unahisi pia. Kila fundi anajua, mshono wa mgongo hulegea. Labda dada yake alihisi, akajua, na akaendelea kutembea akitazama mbele ili asimwonyeshe alipo. Mtoto wa miaka kumi na mmoja. Au labda hakuhisi. Labda koti lilikuwa zito, na msukumano ulikuwa mwingi, na alikwenda mpaka mwisho wa njia ile akidhani mdogo wake bado yuko nyuma yake, amemshika. Hajui. Ndiyo maana anauchora mgongo huo kila siku. Anautafuta ule mshono. Siku atakapoupata ulivyokuwa, umevutika au umelegea, atajua dada yake alikufa akiwa anajua nini.



Alituagiza fremu iondoke nyumbani. Zile karatasi zenye nyuso alizitaka zote. Tulimpa moja moja, naye akaweka kiganja juu ya kila uso na kuusugua taratibu mpaka ukawa doa la kijivu. Alisema ziende hivyo na zenyewe, wala zisifichwe. Halafu akatuambia jambo ambalo wote wawili tulilisikia vizuri, kwa kuwa alilisema kwa akili timamu: atasahau, na ataiuliza ile picha, na tumwambie kweli. Mwenzangu aliuliza, hata kama itamliza?

"Hata kama itaniliza. Kilio ni changu."

Aliiuliza asubuhi iliyofuata. Nilimwambia. Alilia kama vile hajawahi kuambiwa, kwa sababu kwake hakuwa ameambiwa. Aliiuliza tena baada ya siku chache, na tena. Kila mara alianza kwa uso uliochangamka, iko wapi ile picha ya dada yangu mliyoipata, na kila mara nilichuchumaa mbele yake na kumwondolea dada huyo kwa maneno yaleyale, nikifika pale pa kusema hakugeuka, naye akitulia hapo kidogo, kama anayepata mahali pa kushika. Mwenzangu mara ya kwanza hakuweza. Alisema picha imepelekwa kutengenezwa kioo, kisha akaniambia mwenyewe tulipokabidhiana, bila mimi kumuuliza. Mara ya pili aliweza. Alitoka chumbani akaenda kukaa bafuni, nikasikia maji yakifunguliwa.

Nimejiuliza, na bado najiuliza, kama tulikuwa tunamtii yule mwanamke wa mchana ule mweupe au tunamtesa huyu mwingine aliyebaki baada yake. Binti yake hakunilaumu. Pia hakuniomba tena kitu jikoni. Siku moja nilitaka kudanganya. Shosho alikuwa amechoka, vidole vimevimba, na aliuliza kwa sauti ndogo ya mtoto kama dada anakuja. Picha hakuitaja safari hii. Kinywa changu kilikuwa tayari na jibu, ametoka kidogo. Lakini alikuwa ameshika pindo la sare yangu, sijui tangu saa ngapi, na nikahisi mabegani jinsi kitambaa kilivyovuta. Nikanyamaza tu. Nilisimama pale mpaka akalala na mkono ukaachia wenyewe. Nilihisi.

Joto lilipopungua picha zilichukuliwa, pamoja na zile zenye madoa ya kijivu. Muda si mrefu binti naye akamrudisha mama yake Ulaya, kwenye hospitali anakofahamika. Uwanja wa ndege, kwenye kiti cha magurudumu, Shosho hakututambua. Mimi na mwenzangu tulipangiwa wagonjwa wengine, mimi mzee mmoja wa mtaa wa West Bay ambaye hana swali lolote kwa mtu.

Alifariki huko majira ya baridi. Binti yake alitutumia kiunganishi cha kutazama mazishi, na tulikaa kitanda cha chini huko Al Wukair, simu ya mwenzangu imeegemezwa kwenye kopo la maziwa. Aliyekuwa akirekodi alisimama nyuma kabisa. Palikuwa na theluji kidogo na watu wachache. Mwenzangu aliitafuta picha. Alitazama mbele ya jeneza, pembeni, mikononi mwa watu, akaniuliza kwa kunong'ona iko wapi. Nikamwambia Wayahudi hawaweki picha.

Hatukuuona uso wa binti wala wa mtu mwingine yeyote. Tuliona makoti meusi, skafu, visigino kwenye theluji. Niliona kidole cha mwenzangu kikiisogelea skrini, kama anayetaka kumgusa mtu begani ageuke, kisha akakirudisha mapajani. Tukaendelea kuitazama ile migongo mpaka mtandao ukakatika.